Tuchague Programu Kabla ya Kamera

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya makatibu wa kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni kutoka sharika rafiki. Tunaichapa karibu yote, kwa kuwa sharika kadhaa zimeomba nakala.



Nimepangiwa kuzungumza juu ya picha za miradi, na hasa juu ya programu za kompyuta zinazosafisha picha hizo. Najua wapo waliojiuliza kwa nini semina ya miradi ipoteze saa nzima kwa jambo la picha wakati tuna visima, zahanati na madarasa ya kujadili. Naomba mnivumilie. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitaeleza tulichojifunza, na mwisho nitatoa mapendekezo ambayo kila kamati inaweza kuyafuata bila gharama kubwa.

Picha ya mzee wetu

Mwaka 2019 tulifungua bomba la maji katika kijiji kimoja cha milimani. Mzee aliyetoa kipande cha shamba lake ili tenki lijengwe ndiye aliyepewa heshima ya kufungua bomba siku ya kwanza. Alikuwa amechimba mtaro pamoja na vijana, pamoja na umri wake. Maji yalipotoka alivua kofia, akanawa uso, akacheka. Kijana wetu mpiga picha alikuwa karibu, akaipata picha hiyo.

Kamera ilikuwa mpya kabisa. Marafiki zetu wa ng'ambo walitununulia miezi miwili kabla, na ilikuwa imeingia sokoni mwaka huohuo. Kijana alikuwa amefundishwa kwamba mpiga picha makini hupiga picha ghafi, zile ambazo kwenye menyu ya kamera huandikwa RAW. Basi akaweka ghafi peke yake. Kwa siku nne alipiga picha 380.

Tuliporudi ofisini, programu yetu ya kusafishia picha ilikataa kuzifungua. Ilisema faili hizi haizitambui. Tulidhani memori kadi imeharibika. Tukajaribu kompyuta ya pili, ikawa vilevile. Baadaye tuligundua kwamba toleo la programu tulilokuwa nalo lilikuwa la zamani kuliko kamera, na toleo jipya lilitaka kompyuta mpya na malipo ya kila mwezi. Bajeti ya mwaka ilikuwa imeshafungwa. Niliamua tusubiri.

Mwezi wa Novemba mzee yule alifariki. Binti yake alikuja ofisini siku iliyofuata asubuhi. Akasema, "Mratibu, tunaomba ile picha ya baba akifungua maji, tuiweke mbele ya jeneza." Nilimjibu, "Dada yangu, picha ipo, ila haifunguki." Alinitazama kama mtu asiyeelewa, na kwa kweli hata mimi sikuwa naelewa. Familia ilikwenda studio, wakakuza picha ya kitambulisho cha mpiga kura. Ndiyo iliyobebwa mpaka kaburini.

Mwezi wa Januari mwalimu mmoja wa sekondari alipita ofisini kwa shughuli nyingine. Nikamweleza habari hii. Akaomba kompyuta, na kwa dakika zisizozidi kumi picha ya mzee ikawa mbele yetu, akicheka na maji yakimtiririka kidevuni. Nitaeleza baadaye alifanya nini. Kwa sasa ninataka mjue tu kwamba ile picha ilikuwa inapatikana siku zote. Tulikosa maarifa.

Picha ghafi ni nini

Wale wa umri wangu mnakumbuka studio. Ulipeleka filamu, ikasafishwa, ukapewa picha pamoja na negativu ndani ya bahasha. Picha ikipotea, negativu ilikuokoa. Faili ghafi ni negativu ya kamera za dijitali: ni kumbukumbu ya mwanga kama kihisi cha kamera kilivyoupokea, kabla haujapikwa. JPEG ni picha ambayo kamera yenyewe imekwisha kuisafisha na kuibana.

Au tuchukue mfano wa shambani. Ghafi ni mahindi, JPEG ni unga. Unga uko tayari kwa sufuria, lakini hauwezi kuurudisha kuwa punje. Mahindi yanahitaji mashine, lakini unaweza kuyasaga upendavyo, na mengine ukayaweka mbegu.

Faida yake ni kubwa hasa kwetu. Mara nyingi tunapiga picha saa sita mchana, jua la utosi, mtu mweusi chini ya kofia, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa hiyo uso uliozama kivulini unaweza kuinuliwa bila kuwa wa majivu, na mara nyingi ukuta ulioonekana mweupe pee hurudisha umbo lake.

Hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni uzito: kwa kamera ya megapikseli 24, JPEG moja ni kama megabaiti 10, wakati ghafi huweza kufika 25 hadi 40 na zaidi. Ya pili ndiyo iliyotupata sisi: bila programu inayoijua kamera hiyo, mahindi yanabaki ghalani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ghala lisilo na ufunguo halimshibishi mtu.

Kwa nini kamera mpya hungojewa

Wengi huuliza, kama programu ilifungua kamera ya jana, kwa nini isifungue ya leo? Sababu ni kwamba hakuna faili ghafi moja kwa kamera zote. Canon wana yao, Nikon yao, Sony yao, Fujifilm yao, na kwa kawaida watengenezaji hawachapishi maelezo kamili ya namna wanavyozipanga.

Isitoshe, kihisi chenyewe hakioni rangi. Juu yake huwekwa vichujio vidogo vya kijani, chekundu na bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu na moja ya bluu. Fujifilm kwa baadhi ya kamera zao walileta mpangilio tofauti mwaka 2012. Programu lazima ijue mpangilio huo, ijue weusi unaanzia wapi na weupe unaishia wapi, na ijue rangi za kihisi hicho. Mambo hayo hupimwa kwa kila kamera.

Wakati mwingine kilichobadilika ni kidogo, na programu hukataa kwa sababu tu haijasajiliwa jina la kamera mpya. Hapo kusubiri huwa kwa wiki chache. Wakati mwingine mfumo mzima hubadilika. Mwaka 2018 Canon walitoa kamera ya EOS M50 ikiwa na faili ya aina mpya, CR3, badala ya CR2. Programu huria ya darktable ilianza kufungua CR3 katika toleo la 3.8, mwezi wa Desemba 2021. Hiyo ni miaka zaidi ya mitatu. Na mwaka 2005 ilijulikana kwamba katika kamera ya Nikon D2X habari za uwiano wa weupe zilikuwa zimefungwa kwa siri, wapiga picha wakalalamika sana, mpaka mtaalamu Dave Coffin akapata njia ya kuzisoma. Coffin ndiye aliyeanza kuandika programu ya dcraw mwaka 1997, na kazi yake imekuwa msingi wa programu nyingi huria zilizofuata.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayenunua kamera iliyotoka mwezi uliopita ananunua pia foleni. Ni vizuri aijue foleni hiyo kabla hajalipa.

Programu zilizopo

Nitazigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni programu za watengenezaji wa kamera wenyewe: Digital Photo Professional ya Canon, NX Studio ya Nikon, Imaging Edge ya Sony. Hutolewa bure kwa wenye kamera hizo, na kwa kawaida kamera mpya hutambuliwa mapema kuliko mahali pengine. Udhaifu wake ni kwamba kila moja hufungua kamera za kampuni yake tu, na nyingine ni nzito kwa kompyuta zetu. Sisi mwaka ule hatukufikiria hata kuitafuta ya kamera yetu. Hili ni kosa la pili nililofanya.

Fungu la pili ni za biashara. Lightroom ya Adobe ilitoka mwaka 2007 na inajulikana sana. Toleo la 6, la mwaka 2015, lilikuwa la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, na nyongeza yake ya mwisho ilitoka Desemba 2017. Waliobaki nalo hawakupata tena kamera mpya. Siku hizi hulipiwa kwa mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa picha zako hazipotei, lakini sehemu ya kusafishia hufungwa. Apple nao walikuwa na Aperture tangu 2005, na mwaka 2014 wakatangaza kuiacha. Watu waliokuwa wamepanga picha zao zote humo ilibidi wahame. Sisemi haya kuzilaumu kampuni hizo. Nasema tu kwamba programu nayo huzeeka na kufa, na kumbukumbu za usharika zinatakiwa kuishi zaidi yake.

Fungu la tatu ni programu huria, zinazotengenezwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaojitolea: darktable, iliyoanza mwaka 2009, na RawTherapee, ambayo ilifanywa huria mwaka 2010. Hazina leseni ya kulipia, na unaweza kuzigawa kwa sharika zote kwa flashi bila kumwibia mtu. Tangu 2020 darktable hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na Desemba. RawTherapee huenda kwa mwendo wake: toleo la 5.8 lilikuwa Februari 2020, la 5.9 likafuata Novemba 2022. Anayejitolea hana bosi wa kumharakisha. Lakini mwenye kamera mpya anaweza kuwasaidia kwa kuwapelekea sampuli za faili zake ghafi. Hivyo ndivyo kamera nyingi zinavyoingia katika orodha.

Kuna njia ya nne ambayo sitaki tuifiche. Mwaka ule fundi mmoja mjini alitaka kuniwekea toleo jipya la programu ya biashara kwa shilingi 10,000, bila leseni. Nakiri nilishawishika. Ripoti ilikuwa inadaiwa na picha zilikuwa zimefungwa. Lakini ofisi inayodai stakabadhi kwa kila mfuko wa saruji haiwezi kupamba ripoti zake kwa programu ya wizi. Zaidi ya hapo, programu hizo mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ileile ndiyo yenye hesabu zetu.

Tufanye nini wakati tunasubiri

Hapa ndipo ninapotaka makatibu waandike.

Kwanza, kamera ikiwa mpya, iwekwe kurekodi ghafi pamoja na JPEG kwa wakati mmoja. Kadi itajaa haraka zaidi, lakini kadi ya ziada ni rahisi kuliko aibu. Siku hiyohiyo mtakuwa na picha ya kutumia, na mahindi yatabaki ghalani.

Pili, kama ghafi zimekwisha kupigwa peke yake, mjue kwamba karibu kila faili ghafi hubeba ndani yake picha ya JPEG. Ndiyo mnayoiona nyuma ya kamera mnapotazama mlichopiga. Zipo programu za bure zinazoweza kuitoa, kama ExifTool, na IrfanView pia huweza kuionyesha. Katika kamera nyingi ni ya ukubwa kamili. Katika nyingine ni ndogo, lakini hata yenye upana wa pikseli 1,600 inatosha kuchapa picha ya ukubwa wa postikadi. Hivi ndivyo mwalimu yule alivyofanya. Dakika kumi.

Tatu, Adobe hutoa bure programu ya kugeuza faili ghafi kuwa DNG, aina waliyoitangaza mwaka 2004 na kuchapisha maelezo yake wazi. Kamera ikishaingia katika programu hiyo, DNG zake huweza kufunguliwa hata na programu ya zamani kama Lightroom 6. Kamera za Leica na Pentax zinaweza kurekodi DNG zenyewe. Angalieni tu kama kompyuta yenu inaweza kubeba toleo jipya la programu hiyo, na msifute faili za awali, kwa sababu programu ya mtengenezaji wa kamera huenda isiitambue DNG mliyoigeuza.

Nne, wapo watakaowaambia mbadilishe jina la kamera lililoandikwa ndani ya faili ili programu idanganyike. Kwa kamera mbili zinazofanana sana huweza kufaulu, lakini rangi zinaweza kuharibika. Mkijaribu, jaribuni kwenye nakala tu.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: msiifute kadi kwa sababu picha hazifunguki. Kijana wetu alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe kimoja. Nakilini kwenye diski mbili, moja ikae ofisini na nyingine nyumba ya mchungaji au mahali pengine salama. Faili isiyofunguka leo itafunguka kesho. Iliyofutwa haina kesho.

Mapendekezo kwa kamati

Kamati inayotaka kamera ianze na kompyuta iliyopo. Iulize: kompyuta yetu inabeba programu gani? Kisha iangalie orodha ya kamera zinazotambuliwa na programu hiyo, jina kwa jina na namba kwa namba, maana herufi moja inaweza kuwa kamera nyingine. Mwisho ndipo ichague kamera kutoka katika orodha hiyo. Sisi tulianzia mwisho tukarudi nyuma.

Iulize pia gharama ya miaka mitano, siyo ya siku ya kununua. Malipo ya kila mwezi yakikatika katikati ya mradi, nani ataendelea? Na toleo jipya linapotoka, nani atalipakua? Faili hizo ni kubwa kwa vifurushi vya intaneti vya sharika za vijijini. Ofisi ya dayosisi iko tayari kuzipakua na kuzituma kwa flashi pamoja na barua za robo mwaka.

Na kila picha muhimu iliyokwisha kusafishwa ihifadhiwe pia kama JPEG kamili. Marekebisho yaliyofanywa katika programu moja kwa kawaida hayasomeki sawasawa katika nyingine. Mwenye JPEG na ghafi anaweza kubadili programu bila kulia.

Neno kwa marafiki zetu

Wageni wetu, ninyi mmekuwa mkono wetu wa pili, na kamera ile ilinunuliwa kwa upendo. Sina lawama hata kidogo. Ninaomba jambo moja: kabla ya kununua kifaa, tuandikieni mtuulize tuna kompyuta gani. Kamera iliyotoka miaka miwili au mitatu iliyopita mara nyingi hugharimu pungufu, programu zote zinaijua, na picha zake zitawatosha kwa kalenda na kwa ripoti. Fedha itakayobaki inunue diski mbili na kadi ya ziada. Na ripoti ikichelewa picha, tuulizeni kwa nini. Huenda swali lenu ndilo litakalotuamsha.

Nimalizie pale nilipoanza. Tulipoipata picha ya mzee, tuliichapa kubwa tukaiweka kwenye fremu, nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwake. Binti yake aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu bila kusema, kisha akauliza, "Ilikuwepo siku zote?" Nikamwambia, "Ndiyo, ilikuwepo." Hakunilaumu. Aliitundika ukutani, juu ya kiti cha baba yake, akanikaribisha chai.

Chai ile niliinywa kwa shida. Ndiyo maana nimetumia saa yenu kwa jambo hili. Kila kijiji tunachokwenda kina mtu kama yule mzee, na picha yake tunaipiga mara moja tu.